Menya na Maganda Yake

Mtambo wa kuchimbia visima ulikuwa umeshapita getini, umebaki mkia tu, Chiriku alipotoka mbio ofisini na chupa ya chai mkononi. Mjomba wake alikuwa ameisahau mezani, kama alivyosahau siku zote kila kitu kisichokuwa cha chuma.

"Mjomba! Chai yako!"

"Irushe!"

"Nirushe chupa ya chai?"

"Kwani itakuuma?"

Akairusha. Mzee akaidaka kwa mkono mmoja dirishani, lori likiendelea kunguruma na mabomba yakigongana nyuma kama sufuria za arusi. Akatoa kichwa nje, kofia imekaa upande.

"Mama!" alipiga kelele, maana jina la kuzaliwa la Chiriku lilikuwa la mama mzazi wa mzee huyo, kwa hiyo kwake alikuwa mama. "Maandishi yako yakinidanganya, nitakutoboa sikio la tatu kwa keekee hii hii!"

"Maandishi hayadanganyi, Mjomba!"

"Haya. Tutaona nani atalia."

Vumbi likamfunika, lori likakata kona, likaenda.

Watu wote walimwita mzee huyo Keekee, kwa kuwa alitoboa ardhi tangu ujana wake mpaka mvi zikamwota masikioni. Ndiye aliyemlea Chiriku baada ya dada yake, mama wa Chiriku, kufariki. Jina la utani, Chiriku, ni yeye aliyempa, kwani mtoto alipoanza kusema hakunyamaza tena mpaka siku alipoijua kompyuta. Sasa wote wawili walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya visima, mmoja juani, mwingine kivulini, na kila mmoja aliona mwenzake ndiye mwenye kazi ya ajabu.

Safari hii ilikuwa ya mwisho kwa Keekee na kwa mtambo pia. Mzee alikuwa anastaafu, na mtambo ulikuwa umeshapangiwa kwenda mbali kwa watu wengine. Lilikuwa limebaki shimo moja, kwenye makao ya wapasua mawe. Tangu watu wahamie hapo, palishachimbwa mara mbili, pakatoka vumbi mara mbili. Wanawake walikwenda kuteka maji alfajiri wakarudi jua la utosi. Likishindikana na hili la tatu, watu wangefunga shule yao na kuhama; wengine walikuwa wameanza kung'oa mabati ya nyumba zao. Kila mtu ofisini alilijua hilo, hata mfagiaji.

Na mahali pa kutoboa shimo hilo, aliyepachagua alikuwa Chiriku, akiwa amekaa kitini. Yeye na kitu chake alichokiita Menya.

*

Menya ilizaliwa kutokana na kabati. Ofisi ile ilikuwa imechimba visima kwa miaka mingi, na kila shimo liliandikiwa habari zake: wapi, udongo gani, mwamba gani, maji au vumbi. Lakini kila karani aliyekuja alikuja na mtindo wake, na kila aliyeondoka aliondoka na ufunguo wake. Huyu aliandika majedwali kwenye programu iliyokufa zamani. Yule aliandika barua. Wengine walipiga picha karatasi zilizolowa, wakaziweka kama picha. Kuna mkuu mmoja aliyependa mikutano, yeye aliacha habari za visima ndani ya maonyesho ya projekta, neno moja hapa, mshale pale. Vyote vilihamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, mwishowe vikawa kabati la ndani ya mashine, rundo la mafaili ambayo hakuna aliyeweza kuyafungua yote. Mtu akitaka kujua kama mahali fulani pameshachimbwa, alimuuliza Keekee, na Keekee alikuna kidevu.

Chiriku aliamua kuyafungua. Menya haikuwa programu ya kufungua na kubofya-bofya. Ilikuwa kama mkoba wa fundi unaoazimwa. Programu nyingine ikikutana na faili isilolijua, hubisha hodi kwa Menya. Menya hulitazama faili, hulitambua ni la ukoo gani, huchagua kisu kinacholifaa, hulimenya, kisha hurudisha maandishi matupu. Herufi, nafasi, mstari mpya. Basi. Hayana nene wala nyembamba, hayana mistari ya jedwali, na hayana picha ya mlima juu ya ukurasa. Maandishi ambayo mashine yoyote duniani inaweza kuyasoma, ya jana na ya kesho.

"Na vinginevyo?" aliuliza Mhandisi, mkuu wa ofisi, kijana mpole aliyevaa tai fupi kuliko inavyotakiwa.

"Maganda," alisema Chiriku. "Chungwa halili mtu na ganda lake."

Siku ya kwanza Menya ilipomaliza kumenya kabati zima, asubuhi moja feni likizunguka kwa uvivu, Chiriku aliagiza yote yapite mbele ya macho yake. Yalianza kushuka kwenye kioo cheusi, meupe, mstari baada ya mstari.

*udongo mwekundu*
*mfinyanzi*
*changarawe nyembamba*
*mwamba mweusi, mgumu, tumevunja jino*
*mchanga*
*mwamba*
*maji*

Kisha shimo jingine. Kisha jingine. Alikusudia kutazama kidogo tu aone kama kazi imekwenda sawa. Hakuinuka. Watu waliokwisha kusahauliwa walikuwa wanasema kwa zamu, kila mmoja akitamka alichokiona kikitoka chini ya miguu yake, na wote walitumia maneno yale yale machache kama wanaosali. Udongo, mfinyanzi, mwamba, maji. Akahisi kwamba anachokisoma si kazi ya ofisi. Ni ardhi yenyewe, nchi nzima, kuanzia majani kwenda chini, inajitaja. Akatoka uani akamwita mjomba wake, aliyekuwa chini ya lori, akaja na mikono yake ya grisi ameinyoosha mbele asiguse kitu.

"Nini?"

"Simama hapa usikilize."

Akamsomea. Mzee alikuwa anajua kusoma, ila polepole, na maandishi yale hayakumsubiri mtu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kidogo, akavua kofia. Chiriku hakuwa amewahi kumwona akiivua ndani ya ofisi, hata mbele ya wakubwa.

"*Mwamba mweusi*," Chiriku alisoma. "*Mwamba mweusi. Keekee amelala chini ya lori. Mwamba mweusi.*"

Mzee akaruka. "Rudia!"

"*Keekee amelala chini ya lori.*"

"Kicheko huyo! Mwana hizaya, ni Kicheko!" Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, kisha akaacha ghafla. Kicheko alikuwa mchimbaji mwenzake wa ujanani, na alikuwa amekufa kabla Chiriku hajavunja ungo. "Yuko wapi humo?"

"Kwenye faili ambalo hakuna mashine iliyoweza kulifungua, Mjomba. Alikuwemo siku zote."

"Siku zote hizo yuko kabatini anasema nimelala?"

"Siku zote."

Keekee akasogea, akakitazama kile kioo kama mtu anayetazama ndani ya kisima. "Sikulala," alimwambia Kicheko kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimepumzisha macho."

Tangu siku hiyo, mzee aliyekuwa anachimba kwa pua na kwa rangi ya nyasi hakubishana tena na kompyuta. Ilipofika zamu ya makao ya wapasua mawe, alikuja mwenyewe akakaa. "Waulize wenzangu," alisema. Chiriku akaiambia mashine itafute neno *maji* katika mashimo yote ya upande ule. Likatoka shimo moja la majaribio, la miaka ya kabla watu hawajahamia huko, likafukiwa, mahali palipo sasa nyuma ya machimbo ya mawe. *Mchanga. Maji. Mengi. Mapema.*

Keekee akapiga meza. "Mengi na mapema! Mnataka nini tena nyie?"

Mhandisi akatia sahihi.

*

Basi lori lilipotoweka na vumbi kutua, Chiriku alirudi chumbani akamkuta mgeni kwenye kiti chake. Alikuwa Bi Miwani, karani wa zamani wa ofisi ile ile, mwanamke wa makamo yaliyopitiliza, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Alistaafu kabla Chiriku hajaajiriwa, lakini hadithi zake zilibaki: meza yake ilijaa kalamu za rangi, na majedwali yake yalikuwa kama bustani. Mhandisi alimwalika aje aone ajabu.

"Wewe ndiye binti wa Keekee?"

"Mpwa wake, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Umempita sura, nashukuru kwa niaba yako. Nimeambiwa umefufua kazi yangu. Nionyeshe kabla macho haya hayajaniaga."

Chiriku akamkuzia herufi, akayaachia maandishi yashuke. Bi Miwani alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Baada ya muda aliinua kidole akagusa mstari mmoja, taratibu, kama anagusa shavu la mtoto aliyelala.

"Hili nililiandika nikiwa na mimba ya kifunguamimba wangu," alisema. "Mashine ilipolikataa nililia. Nilisema, basi, limekufa." Akatikisa kichwa. "Na kumbe lipo. Mwanangu, kumbe hakuna kilichokufa!"

Alisoma tena. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akatazama upya. Akageuka.

"Rangi zangu ziko wapi?"

"Rangi zipi, Bi?"

"Zangu. Bluu, nyekundu, kijivu. Mistari yangu ilikuwa na rangi."

"Nilizitoa," alisema Chiriku, na bado alikuwa anatabasamu. "Menya haibebi rangi. Ni mapambo tu."

Bi Miwani akamtazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyefagia uwanja vizuri sana, akafagia na mbegu zilizoanikwa.

"Mapambo? Sikiliza. Wachimbaji wanaandika pale pale shimoni. Maji yametoka, bado ya tope, wanaandika maji, wanafunga, wanakwenda. Maji yenyewe yanakwenda kupimwa, majibu yanakuja baada ya wiki kadhaa. Jedwali limeshajaa, limeshafungwa, hakuna nafasi hata ya kupenyeza sindano. Ningeandika wapi? Nilipaka mstari. Bluu, maji matamu. Kijivu, shimo limebomoka. Nyekundu, chumvi, hata ng'ombe atageuza shingo."

Tabasamu la Chiriku likamkauka usoni. "Hukuandika popote maana ya rangi?"

"Kwa nini niandike? Kila mtu alijua."

"Kila mtu nani?"

Bi Miwani akafungua mdomo, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kicheko alijua." Akakunja kidole. "Mkuu wa zamani alijua, yuko kwa wanawe ng'ambo. Mpimaji wa maji... yule naye tumemzika." Akabaki na kidole kimoja kimesimama, cha kwake mwenyewe, akakitazama. "Ee Mola," alisema.

"Mjomba wangu?"

"Keekee? Keekee aliingia ofisini kwa ajili ya dizeli na kugombana. Lini alitazama jedwali?"

Chiriku alikuwa ameshainama kwenye kibodi. Akalitafuta faili lenyewe, la asili, lenye ganda lake lote, akalifungua kwa njia ya mzunguko aliyoitumia alipokuwa anaijenga Menya, njia ya polepole inayoonyesha kila kitu. Jedwali likajichora vipande vipande. Bustani kweli. Akashuka hadi kwenye mstari wa machimboni. *Mchanga. Maji. Mengi. Mapema.*

Mwekundu kama pilipili.

Na karibu yake, mistari michache chini, kulikuwa na shimo jingine la majaribio la upande ule ule, kwenye kichuguu kikubwa ng'ambo ya shule. Hilo mashine haikulitaja kabisa. Chiriku alilisoma akaelewa kwa nini. Mwandishi wake alikuwa Kicheko, na Kicheko hakuandika *maji*. Mwisho wa shimo lake, chini ya mwamba mweusi mrefu kama mwezi wa njaa, aliandika neno moja: *Tumelowa*.

Mstari wake ulikuwa wa bluu.

Hofu ilimshika Chiriku, tena kubwa, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Alikuwa amewasikia wafu wakisema akadhani amesikia yote. Kumbe wakati wote huo walikuwa wanamwonyesha pia kwa mkono, na mkono ndio alioukata.

Simu ya Keekee ilikuwa imezimwa. Simu hiyo ililala kuliko mwenyewe.

*

Mhandisi aliposikia, alilegeza tai yake fupi, akasema, "Chukueni gari dogo. Wakubwa nitawaandikia kwamba nimekosea mimi, sahihi ni yangu." Kisha akampigia kelele dereva.

Dereva aliitwa Breki kwa sababu hakuzitumia. Bi Miwani akawa wa kwanza kupanda.

"Bi, njia ni mbovu," Chiriku alimwambia.

"Aliyepaka rangi ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi sogea."

Walikwenda. Breki aliruka mashimo kwa imani, Bi Miwani ameshika miwani kwa mkono mmoja na paa kwa mwingine. "Kijana," alisema walipopita daraja wakiwa nusu hewani, "mimi nilistaafu kazi, sijastaafu kuishi." Breki akamwahidi kupunguza mwendo, akaongeza. Chiriku hakucheka. Alikuwa amekumbatia kompyuta yake ndogo, anarudia moyoni, mengi na mapema, mengi na mapema, na maneno yale yalikuwa yamegeuka laana.

Walifika jua likielekea kushuka. Waliona kwanza vumbi, kisha mnara wa mtambo juu ya machimbo, kisha watu. Makao yote yalikuwa hapo, wameketi juu ya mawe waliyoyapasua wenyewe, ndoo tupu miguuni. Keekee alikuwa amesimama kwenye usukani wa mtambo, anang'aa kwa jasho na furaha.

"Mama! Umekuja kuona? Mchanga umeshaanza! Bado kidogo tu!"

"Simamisha, Mjomba."

"Nini?"

"Simamisha!"

Mtambo ukanyamaza, na kimya kile kikawafanya watu wote wageuke. Chiriku akamweleza mbele yao, kwa kuwa hapakuwa na pembeni. Hakujitetea. Keekee alisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, akifuta na kufuta, ingawa ilikwisha safika.

"Uliniambia maandishi hayadanganyi."

"Hayakudanganya. Mimi ndiye niliyeyakata mkono."

Akamgeukia Bi Miwani. "Na wewe, mwanamke, ulishindwa kuandika neno moja, chumvi? Lina herufi ngapi?"

"Na wewe ulishindwa kuingia ofisini ukatazama? Mlango ulikuwa na kufuli?"

Wakatazamana, wazee wawili, pua kwa pua. Mwishowe Keekee akapumua. "Tukijumlishwa sote watatu," alisema, "tuna akili ya mbuzi mmoja, tena aliyepotea."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu wa shule ile, mama mrefu mwenye chaki kwenye kucha, alisogea mbele. Ndiye aliyewaandikia wakubwa mpaka mtambo ukaja. "Subirini niwaelewe. Hapa keekee imeshaingia, na maji yapo. Mnataka kuing'oa muende kule kichuguuni. Kule mna nini?"

"Rangi ya bluu, Mwalimu," alisema Chiriku.

"Rangi."

"Ndiyo."

"Watoto wangu hawanywi rangi, dada."

Watu wakaanza kunong'ona. Dizeli iliyobaki ilikuwa ya shimo moja, labda na robo, na Keekee alilijua hilo kuliko wote. Akienda mbele hapo alipo, kabla ya jua kuzama maji yangeruka, watu wangempa mkono, na shimo lake la mwisho duniani lingeandikwa *maji*. Kesho yake, tope likitulia, ndipo wangeonja. Yeye angekuwa ameshafika nyumbani. Aking'oa, akakosa kule, angestaafu na vumbi, na shule ingefungwa mikononi mwake.

Mzee alitazama mchanga uliotoka shimoni. Akainama akauchukua kidogo, akauweka ulimini, akautema. Chiriku alitaka kumuuliza, lakini uso wa mjomba haukusema lolote. Mchanga mkavu haujui chumvi wala sukari.

"Soma tena lile la Kicheko," alisema.

"*Tumelowa*."

"Aliandika hivyo? Hakuongeza?"

"Hivyo tu."

"Yule mtu," alisema Keekee, "alikuwa mwongo kwa wanawake, mwongo kwa wakubwa, akaniandika mimi nalala. Lakini hakulidanganya shimo hata siku moja." Akawageukia vijana wake wa mabomba. "Ng'oeni."

*

Asubuhi mtambo ulisimama kichuguuni. Watu walikuja, ila walikaa mbali zaidi, na baadhi hawakuleta ndoo. Mwalimu Mkuu alisimama peke yake, mikono kifuani. Bi Miwani alipewa kiti cha shule. Keekee alimwita Chiriku karibu na usukani, akamwambia akae pale na kompyuta yake.

"Nisomee. Nataka kujua Kicheko alipita wapi, nipite hapo hapo. Soma kwa sauti, mtambo una kelele."

Akawasha. Keekee ya chuma ikauma ardhi.

"*Udongo mwekundu!*" Chiriku alisoma kwa kupaza sauti.

Ukatoka udongo mwekundu. Hilo si ajabu, ulionekana hata kwa macho. Wakaenda chini.

"*Mfinyanzi, wa manjano!*"

Muda ukapita, na kinywani mwa shimo ukaanza kujisokota mfinyanzi, laini, wa manjano kama kiini cha yai. Watoto wawili waliokuwa wanacheza wakaacha.

"*Changarawe, duara, kama za mtoni!*"

Zikaja. Zikaruka zikalia kwenye bati, duara, laini, kokoto za mto ambao hakuna mtu hai aliyewahi kuuona ukipita pale. Mama mmoja akaokota moja, akaifunga kiganjani. Watu wakaanza kusogea. Hakuna aliyewaita.

"*Mchanga mweupe, kidogo!*"

Ukaja, mweupe, kidogo, ukaisha. Na sasa hata wale waliokuja kwa kejeli walikuwa wamenyamaza, maana jambo lilikuwa wazi mbele ya macho yao: huyu dada anasoma, na ardhi inaitikia. Mtu aliyekwisha kuoza ametangulia njiani, anaita majina kutoka chini, na mlango baada ya mlango unafunguka. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshusha mikono. Amefundisha kusoma maisha yake yote, na sasa alikitazama kile kioo cheusi na herufi zake tupu kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa herufi.

"*Mwamba mweusi!*"

Mtambo ukapiga kelele nyingine, ya meno. Vumbi jeusi likapanda.

"*Mwamba mweusi!*" alisoma tena, na tena, kwani Kicheko aliandika hivyo mstari baada ya mstari, na kila mstari ulikuwa bomba zima na jasho la vijana. Jua likapanda. Pipa la dizeli likapigwa kofi, likalia kama ngoma tupu. Keekee hakuligeukia.

"Endelea."

"*Mwamba mweusi!*"

"Endelea!"

"Mjomba, umebaki mstari mmoja. Ule wa mwisho."

Mzee akainua mkono. "Basi usiusome," alisema. "Huo si wako. Mwache ausome mwenyewe."

Chiriku akafunga mdomo. Akaweka kiganja juu ya kioo, kama anamziba mtu mdomo kwa upole. Mtambo ukasaga. Bi Miwani alikuwa amesimama, hakuna aliyejua tangu lini. Kelele ya meno ikabadilika, ikawa nzito, ikawa ya tope. Ardhi ikakohoa mara moja chini kabisa. Kisha safu ya maji ikapanda juu ya mnara, ikasimama pale kana kwamba inafikiri, ikawaangukia wote.

Hapakuwa na haja ya kuusoma mstari wa mwisho.

Wachimbaji wakisubiri maji yasafike, wana mila moja. Anayeonja maji kwanza hasemi neno, humpa wa pili, na wa pili wa tatu, ili mtu asije akamdanganya mwenzake ulimi. Anayesema ni wa mwisho. Maji yalipotulia na kusafika, Keekee alikinga kikombe cha chupa yake ya chai. Akanywa. Uso wake ukawa jiwe. Akampa Bi Miwani, naye akanywa, akatazama juu. Vijana wa mabomba wakanywa. Chiriku akanywa, akampa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu alikunywa chote. Alibaki ameinamisha kichwa, kanga imemganda mwilini, matone yakimtoka kidevuni. Halafu akawageukia watu.

"Leteni ndoo," alisema.

*

Kisima cha kichuguuni kinatoa maji mpaka leo. Shule haikufungwa. Waliong'oa mabati waliyarudisha, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameshayauza, naye akaezeka upya kwa makuti. Shimo la machimboni lilifunikwa kwa bamba la chuma, na watoto hukaa juu yake.

Keekee alistaafu, akahamia chumba cha nyuma cha Chiriku. Alifariki baada ya miaka michache, mchana, amelala. Mtambo ulipelekwa ulikopangiwa, ukaharibikia huko.

Mhandisi alikaripiwa kwa barua, kisha akahamishwa. Breki aligonga nguzo ya geti la ofisi. Sasa ni mlinzi wa geti hilo.

Macho ya Bi Miwani yalikwisha kabisa. Anaishi kwa bintiye, na ipo mashine inayomsomea majedwali yake kwa sauti. Huyasikiliza mchana, na akisikia kosa huigombeza.

Menya inatumika katika ofisi nyingi ambazo Chiriku hajawahi kuziona. Bado inatoa maandishi matupu. Tofauti ni kwamba sasa, kila mstari uliokuwa na rangi, huutangulizia jina la rangi hiyo kwa herufi za kawaida. Chiriku bado yuko chumba kile kile. Feni limebadilishwa.